Siku Nne Chini ya Kabati

Paka wetu anaitwa Kashata, kwa ile rangi yake ya sukari iliyoungua. Alitufikia mwezi wa tatu, katikati ya joto la Tanga, ndani ya boksi la mafuta ya kula lililotobolewa matundu. Katoka kwa jirani wa mtaa wa pili aliyehamishwa kikazi kwenda Dodoma. Hakuwa mtoto, alikuwa na umri wa miaka 2 hivi. Boksi likafunguliwa sebuleni, watu sita tumemzunguka, televisheni inaunguruma, mwanangu wa mwisho anapiga makofi. Paka akachomoka, akapita katikati ya miguu ya baba watoto na kujitia chini ya kabati la vyombo. Hakutoka siku nne.

Mama mkwe alikuwa kwetu kwa matibabu ya macho. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, paka gani huyu hataki kuonana na watu? Ana lake jambo."

Na mimi, nisiseme uongo, nilianza kuwaza hivyo hivyo. Kwetu paka akijificha huwa ana kiburi, akikojoa pasipo pake ana jeuri, na akiwa mweusi ndiyo usiseme, keshakuwa jini. Mwezi mzima ukapita kabla sijaelewa kwamba karibu kila nililoliita ubaya lilikuwa woga.

Paka anaijua nyumba kwa pua. Mashavuni ana tezi zinazotoa harufu, ndiyo maana humwona anasugua uso kwenye mguu wa meza, kwenye kona ya ukuta, kwenye goti lako. Anaweka alama kwamba hapa ni pake. Sasa mchukue umpeleke mahali ambapo hakuna hata kona moja yenye harufu yake, halafu umzungushie watoto. Wewe ungekaa wapi?

Kwa hiyo ukimleta paka mgeni, usimwonyeshe nyumba nzima. Mpe chumba kimoja, chenye maji, chakula na beseni la mchanga, mlango umefungwa. Omba kwa mwenyewe wa zamani kitambaa alichokuwa akilalia, na usikifue hata kama kinanuka. Sisi hatukuomba. Siku ya tatu nikampigia simu yule jirani, akanielekeza kwa dada aliyemwachia vitu vyake, nikapata kipande cha kanga chakavu. Nikakisukuma chini ya kabati kwa ncha ya mwiko.

Usiku ule, kama saa tisa, nikasikia kisosi kinakwaruza sakafu. Sikuwasha taa. Asubuhi dagaa nilizomchemshia bila chumvi zilikuwa zimekwisha, vimebaki vichwa vitatu tu. Nilifurahi kama mtu aliyepata mshahara. Na hapa nisimame kidogo: paka kugomea chakula siku ya kwanza ni kawaida, lakini asipokula kabisa siku mbili mfululizo usingoje azoee, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Njaa huharibu ini la paka upesi kuliko tunavyodhani. Usimbembeleze na maziwa pia. Paka wakubwa wengi hawawezi kuyasaga vizuri, wanaishia kuhara.

Kabla ya hapo, siku ya pili, mwanangu alikuwa ameingiza mkono chini ya kabati ili amtoe. Akaparurwa kiganjani. Nilimwosha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha tukaenda hospitali, kwa sababu hatukuwa na karatasi ya chanjo ya yule paka. Kichaa cha mbwa, pamoja na jina lake, hata paka anaweza kukibeba, na dalili zikishamtokea mtu, kupona ni nadra mno. Cheti cha chanjo kiulize kabla hujalipokea boksi.

Lakini paka hakuwa amemvizia mtoto. Alikuwa amekwisha kusema kwa lugha yake yote: masikio yamelala ubavuni, mboni zimetanuka mpaka macho yamekuwa meusi, mkia unapigapiga chini, kisha ile "fss". Mkia wa mbwa ukitikisika huenda amefurahi. Wa paka ukipigapiga, ondoa mkono wako. Anapokuja kwako na mkia umesimama wima, ncha imepinda kidogo, hapo ndipo anakusalimu.

Binti yangu ndiye aliyegundua mambo ya macho. Alikuwa akikaa sakafuni na daftari lake, mbali kidogo, hamkazii paka macho. Akimtupia jicho, anafumba polepole na kufumbua. Siku moja Kashata naye akafumba, akafumbua. Kesho yake akatoka na kunusa kidole chake. Hakushikwa, hakubebwa, akarudi zake.

Likaja suala la mkojo. Mara mbili kwenye tenga la nguo chafu, mara moja kwenye msala wa kuswalia wa mama mkwe, na hapo nyumba ilitaka kuwaka moto. Beseni la mchanga nilikuwa nimeliweka nyuma, karibu na pampu ya maji. Pampu ikiwaka inapiga ukelele wa kumtoa mtu roho. Nikalihamishia kona tulivu ya stoo, nikawa nauchambua mchanga kila siku. Yakaisha. Sikumpiga wala sikumsugua pua kwenye mkojo kama nilivyoshauriwa na watu wazima kabisa. Ila paka dume anayejikamua bila kutoa kitu ni habari nyingine. Huyo akimbizwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Na msimpe Panadol kwa maumivu yoyote yale, inaua paka.

Kosa langu kubwa lilikuwa kumfungulia mlango mapema. Siku ya kumi nikaona amezoea, nikamwacha atoke. Hakurudi. Tulimkuta kesho yake jioni mtaa wa pili, kibarazani pa nyumba ya zamani, amejikunja mbele ya mlango wenye kufuli. Mama mkwe ndiye aliyembeba, kwenye mtandio wake, njia nzima hasemi kitu. Tangu hapo alikaa ndani wiki tatu kamili, na nilipomfungulia tena nilifanya hivyo kabla ya mlo wa jioni, akiwa na njaa ya kumrudisha.

Sasa anasugua shavu kwenye kila mguu wa kiti, na usiku anaukanda mto wangu kwa miguu ya mbele kama mtu wa chapati. Kimoja hakijamtoka: fagio la chelewa. Akiliona tu, yuko juu ya kabati. Nilikuja kumuuliza jirani kwa simu, akanyamaza kidogo, akasema kwake kulikuwa na msichana wa kazi aliyekuwa akimfukuza nalo jikoni. Ningeuliza siku ile ya boksi ningejua. Nafagia akiwa uani.