Shetani wa saa nne asubuhi

Sisi watu wa Tanga tukitajwa huko bara, la kwanza ni mahaba, la pili ni uvivu, na hilo la pili linanikera kwa sababu anayelisema mara nyingi kamwona mvuvi kalala barazani saa tano mchana, hajui kwamba yule usiku kucha alikuwa baharini na karabai na kateremka kwenye ngalawa alfajiri. Kulala si uvivu jamani. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, nafundisha na mabinti kazi, na kwa nilivyoona kibandani kwangu mvivu hasa ukimtazama utasema huyu ndiye mchapakazi kuliko wote.

Angalieni inavyokuwa. Mteja analeta lesi ya bei, ya harusi ya mdogo wake, anapimwa, vipimo vinaandikwa kwenye kikaratasi kinabanwa na pini, advansi anatoa, mfuko unatundikwa msumarini. Kesho yake fundi kafika mapema tu. Anafagia, anapaka cherehani mafuta, anabadilisha zipu ya sketi ya shule, anapunguza suruali ya mzee wa jirani, anapinda pazia la mtu, tena bure! Mfuko wa lesi upo pale pale. Kwa nini? Kwa sababu lesi ukishaikata umeikata, ukikosea kwapa hakuna pa kuombea msamaha, kwa hiyo siku nzima katafuta kila kazi ya kumwepusha na ile dakika moja ya kushika mkasi. Jioni kachoka kweli kweli, na mteja akipiga simu anaambiwa njoo kesho dada, vimebaki vifungo tu. Vifungo gani na kitambaa hata chaki hakijapakwa.

Sasa kuna mmonaki, yaani mtawa wa Kikristo, mmoja wa zamani anaitwa Evagrius, mzaliwa wa Ponto, Uturuki ya leo, akahamia jangwani Misri na huko huko akafa mwaka 399. Huyu aliorodhesha mawazo mabaya manane yanayomsumbua mtu anayekaa peke yake akitafuta kumcha Mungu, na mojawapo ni hili la kukinai kazi yako na mahali pako, akaliita shetani wa adhuhuri, kitu kilichotoka kwenye Zaburi ya 91. Anasema huyo shetani anakuvamia saa nne na anakuzingira mpaka saa nane. Na wenzetu wale walikuwa wanahesabu saa tangu jua linapochomoza kama sisi, kwa hiyo saa nne yake ndiyo saa nne yetu hii hii ya chai na vitumbua. Mmonaki anaona jua haliendi, siku ina saa 50, anachungulia dirishani, anatoka nje kupima saa tisa ya kula imebakiza kiasi gani, anaangaza huku na huku labda kuna ndugu anakuja kumtembelea, halafu taratibu anaanza kuchukia pale anapokaa, anachukia kazi ya mikono, anaona watu hawapendani tena, anawaza kuna mahali pengine riziki inapatikana kirahisi zaidi. Na huyo hana simu wala WhatsApp!

Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu, maana nina binti mmoja hapa kila ikigonga saa tano anaanza habari za Dar, Kariakoo ndiko kwenye hela, fulani kaenda juzi tu kashafungua fremu. Alasiri upepo wa bahari ukianza kuvuma, Dar haisikiki tena. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ninaushika hata mimi: kati ya saa nne na saa nane usiamue jambo kubwa. Usihame mji, usifunge biashara, usimwandikie mtu meseji ya kumwacha. Ngoja hadi alasiri uone kama hilo wazo bado lipo.

La pili, kitambaa kinachokutisha kikatwe kabla ya chai, simu ikiwa kwenye droo. Kibandani kwangu ndio sheria. Ikishafika saa nne mtu anakaa na kazi za mkono, vifungo, kutia lapu, kufumua mshono, na hii si mimi niliyeivumbua maana wale wamonaki wa Misri walikuwa wanasuka ukili kama bibi zetu, wanatengeneza mikeka na vikapu, na Evagrius dawa yake kubwa ilikuwa ndiyo hiyo, usitoke chumbani, vumilia. Dante, yule mshairi wa Italia aliyefariki 1321, yeye kwenye shairi lake wavivu kule toharani, roho zinakosafishwa dhambi, kawakimbiza mbio usiku hawaruhusiwi kusimama. Mimi dawa hiyo siiamini, fundi wa kufagia na kupinda mapazia naye anakimbia kutwa.

Halafu kuna huzuni, na hapa ndipo watu wengi wanaonewa. Mwishoni mwa karne ya 6 Papa Gregori wa Kwanza aliipanga upya ile orodha, yakabaki saba, na lile la kukinai likamezwa ndani ya huzuni, karne zilizofuata jina la uvivu likakaa mbele na huzuni ikabaki nyuma haionekani. Sisi Waislamu tunayo dua ya Mtume (s.a.w.), wengi tumefundishwa chuoni, yaani madrasa, ya kujikinga kwa Mwenyezi Mungu na hamu (wasiwasi wa moyo) na huzuni, na ajizi na uvivu, na ubakhili na uoga, na uzito wa deni. Huzuni na uvivu vimetajwa kwa pumzi moja, na deni lipo. Fundi aliyekula advansi ya lesi akainunulia unga, ule mfuko msumarini kila akiutazama anaona deni, mwili unalegea wenyewe. Huyo ukimwambia ajizi nyumba ya njaa umemsaidia nini? Msaidie kwanza kumpigia mteja amwambie ukweli, hapo mkono utashika mkasi.

Lakini msidhani natetea kila mtu, wapo wavivu wa raha. Kuna riwaya ya Mrusi Goncharov ya mwaka 1859, bwana Oblomov anashindwa kutoka kitandani sehemu nzima ya kwanza ya kitabu, na joho lake la nyumbani limeelezwa kwa kitambaa cha Kiajemi, halina kiuno, pana kiasi cha kujizungushia mara mbili (fundi nikaanza kupiga hesabu za mita). Anaweza kulala kwa sababu shambani kwake kuna watu wanamilikiwa na wanamlimia. Azimio la Arusha la 1967 lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini ndio wanaofanya kazi kuliko wote nchini, na wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Uvivu wa namna hiyo dawa yake ni aliyekubeba akutue, basi.

Dhambi nyingine za ile orodha ya saba, kiburi, uchoyo, ulafi, uzinzi, hasira, kila moja ina siku yake, ila inayoongozana na uvivu kwenye kazi yetu ni husuda. Mtani wangu wa hapa hapa Tanga, Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani mwaka 1909, kwenye Adili na Nduguze kawaita ndugu wawili Hasidi na Mwivu bila kuzunguka. Walitapanya mali zao, Adili akawasaidia, nao wakaja kumtosa baharini. Wakageuzwa manyani wa kupigwa mijeledi kila usiku. Ninachokiona mimi ni kwamba wale kazi yao wenyewe iliwashinda kwanza, ndipo ya mwenzao ikaanza kuwauma. Kwa hiyo status za mafundi wenzako zitazame jioni ukiwa umeshapiga pasi kitu chako kimoja, usizitazame saa nne.

Na kama mtu ni wiki baada ya wiki hali, halali, hata alichokuwa anakipenda hakigusi, hapo acheni mawaidha na acheni kumwita mvivu. Mpeleke hospitali akaonane na daktari, na uende naye mwenyewe kwenye bajaji, kwa sababu ukimpa nauli ukamwacha atakwambia kesho.