Dubwi la Mtumba: Hesabu Tatu Kabla ya Kutoa Pesa

Dubwi (mashine ya kamari ya sarafu) lililotumika linapofika Kigoma, liwe limeshushwa Mwanga au Ujiji, huwa limeshapita kwa wamiliki, wasimamizi na mafundi, na kila mmoja wao alikuwa na ufunguo. Kwa hiyo usianze na taa zinavyozunguka. Hizo muuzaji atakuonyesha mwenyewe. Anza na hesabu tatu ambazo lazima zilingane: sarafu ulizotumbukiza kwa mkono wako, namba za kaunta ya magurudumu (mita ya tarakimu zinazozunguka), na kumbukumbu iliyo ndani ya bodi ya mchezo, yaani saketi inayoendesha mashine. Mchezo mchafu hujificha pale hesabu hizo zinapoachana.

Nenda na sarafu 50 za shilingi 200, maltimita (kipima umeme), tochi, bisibisi na simu ya kupigia picha. Andika kwanza namba za kaunta zote mbili, ya kuingia na ya kutoka. Tumbukiza sarafu 25 polepole na 25 kwa haraka. Kaunta ya kuingia iongezeke 50 kamili, na ukurasa wa hesabu wa bodi useme vivyo hivyo. Angalia mpangilio: sarafu moja inaweza kuwa alama 1, 5 au 10 za kuchezea, basi gawanya kabla hujamshuku mtu. Kaunta ikiganda huku bodi ikihesabu, kagua waya wake. Huenda umekatwa, au umewekewa swichi ili pesa ziingie bila mwenye mali kujua. Bodi ikipoteza sarafu moja mbili za haraka, mara nyingi ni uchafu kwenye njia ya sarafu. Ikizidisha, usiendelee na bei mpaka ujue kwa nini.

Sasa ilipishe. Hopa, chombo kinachotoa sarafu za malipo, ina mota na jicho la mwanga linalohesabu kila sarafu inayotoka. Jicho likilegezwa au likiharibika, sarafu hupita bila kuonekana: mashine inaamini imelipa 50, mkononi una 53. Rudia mara tatu, maana hitilafu ya hopa haijitokezi kila mara.

Zima, chomoa plagi, fungua mlango. Hapa usiwe na haraka. Kinachotafutwa zaidi ni kipokezi cha rimoti, kijibodi kisichozidi kiberiti, kinachojazia alama mtu aliyekaa mbele ya mashine bila kutoa hata senti. Hufichwa nyuma ya pawa saplai, chini ya hopa, au ndani ya fungu la waya lililozungushiwa tepu. Kinachokiumbua ni kipande cha waya kinachoning'inia bila kwenda popote: hiyo ndiyo antena yake. Vumbi nalo linasaidia sana. Tepu mpya juu ya waya wenye vumbi la miaka, ifungue uone.

Fuata waya za kifaa cha kupokea sarafu moja baada ya nyingine: volti 12, hasi, ishara, na pengine wa kaunta. Kiungo chochote kwenye waya wa ishara kinahitaji maelezo. Fanya hivyo pia kwenye ufunguo wa kuongezea alama. Ufunguo ukiwa umezimwa, maltimita iliyowekwa kwenye kipimo cha mlio isilie kati ya ncha zake mbili, na kila ncha iwe na waya mmoja. Ukikuta waya wa ziada umechomelewa hapo, ujue kuna kitufe cha siri mahali.

Kwenye bodi, chipu iliyosuguliwa namba peke yake haithibitishi kitu, kwani viwanda vingine husugua vyenyewe. Kinachotia shaka ni solda mpya inayong'aa kwenye chipu moja wakati jirani zake zimefifia. Kama kuna mashine nyingine ya aina hiyohiyo, piga picha bodi zote mbili ulinganishe. Iache pia imezimwa dakika 10. Kumbukumbu zikirudi sifuri, betri imekufa, au imetolewa makusudi kufuta historia.

Usimsingizie mtu kosa la umeme. Pima volti 5 ya pawa saplai mashine ikiwa inafanya kazi: 4.9 hadi 5.1 ni salama. Ikishuka sana, mchezo huganda na kutoa hesabu za ajabu hata kama hakuna aliyeugusa.

Kifaa cha sarafu kikiwa cha kulinganisha, yaani kinachopima kila sarafu dhidi ya sarafu ya mfano, tazama sarafu ya mfano iliyobanwa ndani. Isiwe washa, kile kipete cha chuma kinachowekwa kwenye skrubu. Kisha ijaribu kwa washa za chuma na sarafu yoyote ya kigeni utakayoipata mjini.

Mwisho ni makaratasi. Namba kwenye kibao cha utambulisho cha mashine isomeke na ilingane na hati za muuzaji, halafu uliza Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, kama unaweza kupewa leseni ya mashine hiyo. Uliza kabla ya malipo. Kibao chenye skrubu mpya palipokuwa na riveti, achana nacho hata kama majaribio yote yamepita. Ukishanunua, badilisha vitasa vyote na nywila ya bodi kabla mteja wa kwanza hajakaa.