John Rutter hana uzito? Jibu langu kwa mleta mada

Mleta mada ameuliza kama kazi za John Rutter, mtunzi wa Kiingereza wa muziki wa kwaya, zinaifaa kwaya ya mtaani inayosoma solfa, yaani do, re, mi. Mdau mmoja hapo juu akamwambia asipoteze muda, kwamba Rutter ni mtunzi wa vijinyimbo vitamu vya harusi na Krismasi, hana uzito. Nimeziimba kazi zake sauti ya tatu katika kwaya ya parokia ya Kianglikana kaskazini mwa Uingereza wakati nafanya kazi huko, na tangu nirudi Mwanza nimekuwa nikizifundisha. Kauli ya mdau nimeisikia mara nyingi, hata kwa Waingereza wenyewe, kwa hiyo mniwie radhi nikijibu kwa urefu.

Rutter alizaliwa London tarehe 24 Septemba 1945, katika nyumba isiyo ya wanamuziki. Akasoma Highgate School, shule moja na John Tavener, ambaye naye alikuja kuwa mtunzi mkubwa. Mwaka 1963 wavulana wa shule hiyo waliitwa kuimba kwenye rekodi ya kwanza ya War Requiem (requiem ni misa ya kuwaombea wafu) ya Benjamin Britten, mtunzi mkubwa wa Kiingereza, mwenyewe akiongoza. Rutter alikuwa miongoni mwao, kijana wa miaka 17. Hilo naliona kubwa. Huyu alisimama hatua chache kutoka kwa Britten, akausikia muziki mgumu wa karne yake ukijengwa mbele ya macho yake, halafu akiwa na akili timamu akachagua kuandika melodia ambayo mtu anatoka nayo kanisani akiiimba njiani. Alijua kabisa anachokiacha.

Alipoingia Clare College, Cambridge, David Willcocks, kiongozi wa kwaya ya King's College, aliziona nyimbo za Krismasi alizokuwa akiziandika, akampeleka kwa wachapishaji Oxford University Press. Wakamchapisha akiwa bado mwanafunzi. Shepherd's Pipe Carol ni ya wakati ule, na bado inaimbwa kila Desemba. Baadaye wawili hao wakahariri pamoja vitabu vya Carols for Choirs, na sijaona kwaya Uingereza isiyo na nakala zilizochakaa za vitabu hivyo kabatini.

Sasa angalieni kazi zake kubwa zilitoka wapi. Gloria ya 1974, kwa kwaya, tarumbeta na tromboni, ngoma na ogani, iliagizwa na kwaya ya Omaha, jimbo la Nebraska, Marekani. A Gaelic Blessing ya 1978, ile ya amani ya mawimbi na ya upepo, iliagizwa na kwaya ya kanisa la Kimethodisti hukohuko Omaha. Requiem iliimbwa nzima kwa mara ya kwanza Oktoba 1985 katika kanisa la Kimethodisti Dallas, Texas. Hawa ni watu wanaofanya kazi zao mchana na kuja mazoezini jioni, kama sisi. Rutter amejenga maisha yake yote ya utunzi juu ya watu wa namna hiyo, na ndiyo sababu sauti zake zinaimbika. Anajua besi wa kawaida anaishia wapi chini na soprano wa kawaida anachoka wapi juu.

Na hakusubiri mtu ampe jukwaa. Aliongoza muziki Clare College kuanzia 1975 hadi 1979, chuo kikiwa kimeshaanza kupokea wasichana tangu 1972 na kwaya yake ikiwa ya wanawake na wanaume. Akaacha kazi hiyo ili apate muda wa kutunga. Mwaka 1981 akaunda kwaya ya kurekodi, Cambridge Singers, wengi wa waimbaji wa mwanzo wakitoka kwaya ileile ya Clare, na 1984 akaanzisha lebo yake, Collegium Records. Kwa watunzi wa kwaya wa hapa kwetu wanaolalamika kwamba kazi zao zinaharibiwa studio, hapo pana jambo la kutazama kwa makini: mtunzi mwenye kwaya yake na lebo yake anaamua mwenyewe wimbo wake usikike vipi.

Nije kwenye Requiem, maana kwa mtu anayesema Rutter hana uzito mimi humpeleka hapo. Baba yake alifariki kabla hajaiandika. Karibu na wakati huo Rutter alikuwa Paris, katika maktaba ya taifa ya Ufaransa, akichunguza hati ya mkono ya Requiem ya mtunzi Mfaransa Gabriel Fauré. Hapo akaona jinsi Fauré alivyoandika kwa ala chache, sauti za chini za viola na selo zikiongoza, kabla kazi ile haijavikwa okestra kubwa. Akahariri toleo la Fauré linalofuata wazo lile la mwanzo, kisha akaandika Requiem yake kwa kumbukumbu ya baba yake. Mkizisikiliza hizo mbili mfululizo mtasikia undugu wake.

Ina sehemu saba zilizopangwa kwa ulinganifu. Ya kwanza na ya saba ni sala kwa ajili ya wanadamu wote. Ya pili na ya sita ni Zaburi, 130 na 23. Ya tatu na ya tano zinamwelekea Kristo, na katikati kabisa ni Sanctus (Mtakatifu) yenye vikengele. Kilatini cha misa na Kiingereza cha kitabu cha sala cha Kianglikana vinaingiliana. Mwanzo wake si mtamu hata kidogo: timpani, zile ngoma kubwa za okestra, inagonga polepole, ala zinaingia zikikwaruzana, na kwaya inatafuta pa kusimama kabla melodia haijafunguka. Katika Zaburi 130 selo inalia peke yake kabla ya besi na alto kuingia chini kabisa, mahali ambapo waimbaji hawana pa kujificha. Agnus Dei (Mwanakondoo wa Mungu), sehemu ya tano, ndiyo kali kuliko zote. Ngoma inarudia pigo moja kama mwendo wa watu wanaosindikiza jeneza, kwaya inaimba maneno ya maziko kwamba mwanadamu siku zake si nyingi, na sauti inapanda mpaka inakaribia kupasuka. Halafu filimbi inaingia na kipande cha wimbo wa kale wa Pasaka, Victimae paschali laudes, na kwaya inajibu kwa maneno ya Yohana 11, "Mimi ndimi huo ufufuo na uzima". Tuliiimba mwezi Novemba, siku ya kuwakumbuka marehemu wote, na waimbaji wenzangu waliozika mwaka ule hawakuweza kuimalizia sehemu ile. Mtu akiniambia huo ni muziki mwepesi, namuuliza tu kama ameusikia wote au ameisikia Pie Jesu, ile sehemu ya tatu, peke yake kwenye simu.

Miaka hiyohiyo kuanzia 1985 alipatwa na ugonjwa wa uchovu sugu, ukamsumbua kwa muda mrefu hata akaacha kupokea kazi zenye tarehe ya mwisho. Bado mwaka 1990 akatoa Magnificat (wimbo wa Bikira Maria) iliyoimbwa katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, yenye furaha ya nje, ya maandamano ya Bikira Maria katika nchi za Wahispania. Mwaka 2001 mwanawe, aliyekuwa akisoma Clare kama baba yake, aliuawa katika ajali ya barabarani. Kazi kubwa iliyofuata ni Mass of the Children, iliyoimbwa Carnegie Hall Februari 2003. Watoto wanaanza na wimbo wa asubuhi wa Thomas Ken, askofu Mwingereza wa zamani, na kazi nzima inafungwa na wimbo wake wa jioni. Mzazi aliyefiwa anaandika misa inayobebwa na sauti za watoto kutoka alfajiri hadi usiku. Sidhani hapo pana haja ya kubishana kuhusu uzito.

Heshima za kifalme nazipitia haraka: alitunga This is the day kwa harusi ya Mwanamfalme William mwaka 2011, na mwaka 2024 akapewa cheo cha Sir.

Haki itendeke lakini: mdau ana pointi kidogo. Ziko nyimbo za Krismasi za Rutter zinazofanana, na ukizipanga tatu katika tamasha moja masikio yanashiba. Mimi siweki zaidi ya moja.

Turudi kwa mleta mada na kwaya yake. Wengi watamwambia aanze na The Lord bless you and keep you. Rutter aliiandika mwaka 1981 kwa ibada ya kumkumbuka Edward Chapman, mwalimu wake wa muziki pale Highgate. Maneno ni ya Hesabu 6:24, yale ya "Bwana akubarikie, na kukulinda", kwa hiyo waimbaji wanayajua tayari. Imeandikwa katika ufunguo wenye flati sita, na wapiga kinanda huogopa wakiiona. Kwa waimbaji wa solfa hilo si tatizo kabisa, kwa sababu do inahama na wao wanahama nayo. Shida yenu itakuwa pumzi. Sentensi zake ni ndefu, na zile Amina za mwisho zinapokezana kati ya sauti, kila moja ikiingia kabla nyingine haijatoka. Fundisheni zile Amina kwanza, siku ya kwanza kabisa, halafu ndipo mwende mwanzo wa wimbo.

Mimi ningeanza na A Gaelic Blessing. Ni fupi mno, sauti zinatembea pamoja karibu muda wote, na kazi ya kutiririka imeachiwa kinanda. Ugumu wake uko kwenye kuimba polepole bila kushuka tuni, jambo ambalo kwaya zetu zilizozoea kuimba kwa nguvu huliona geni. Imbeni bila kinanda, malizeni, kisha mgonge nota ya mwisho mwone mmeshuka kiasi gani. Rudieni hivyo wiki kadhaa.

Gloria iacheni kwanza, si kwa sababu ya mapigo yake yanayobadilikabadilika. Hayo waimbaji wangu waliyashika upesi kuliko wale niliokuwa nao Uingereza, waliokuwa wakihesabu kwa vidole. Iacheni kwa sababu bila tarumbeta na tromboni inabaki mifupa. Kama mjini kwenu iko bendi ya shaba ya kanisa au ya jeshi yenye wapigaji wanaosoma nota, ongeeni nao mapema, hata mwaka mmoja kabla.

Mwisho, nakala. Rutter yu hai na kazi zake zina hakimiliki, kwa hiyo kutoa fotokopi kwa kwaya nzima ni kumnyima haki yake, na kuzigeuza ziwe solfa na kuzisambaza kunahitaji ruhusa ya mchapishaji. Waandikieni Oxford University Press mueleze ninyi ni nani na mnasoma nini. Kwa wimbo mmoja mfupi, michango ya kwaya inatosha kabisa kununua nakala. Mleta mada, tuambie mna tena wangapi na mpiga kinanda wenu anasoma nota au anapiga kwa kusikia, nikupe mpangilio wa mazoezi ya mwezi wa kwanza.