Barua kwa mwanangu: kwa nini nageuza nguo ndani nje

Mwanangu mpenzi,

Uliponiletea ile blauzi niliigeuza ndani nje kabla ya kuijaribu, ukaniuliza, "Mama, hujaipenda?" Nilikujibu harakaharaka kwamba natazama mshono. Leo nakujibu vizuri.

Miaka ya 1960, nilipokuwa mdogo, nguo tuliinunua ikiwa bado kitambaa. Bibi yako alikuwa akikifinya kwenye ngumi, anangoja kidogo, halafu anafungua kiganja. Kikibaki na makunyanzi, hakichukui. Kwa fundi, tepu ikishazungushwa kiunoni mwangu, alisema neno lilelile kila mara: "Muachie akiba." Yaani upindo uwe mpana na mishono ya ubavuni ibakiziwe kitambaa, maana mtoto anakua.

Nilikuwa na gauni la buluu la marinda lililoteremshwa upindo mara tatu. Kila lilipoteremshwa, chini ulitokeza ukanda wa buluu iliyokoza, rangi ya siku ile ya kwanza, kwa sababu jua halikuwahi kuufikia. Mwishowe gauni lilikuwa na buluu nne, iliyopauka juu na mbichi kabisa magotini. Nilizipenda zile kanda mwanangu, nikikaa nazipapasa kwa kidole.

Halafu ikaja miaka ya 1970 na bugaluu zake, suruali za miguu mipana, na viatu vya raizoni vilivyotuongezea kimo. Siku niliyomwona baba yako mara ya kwanza alivaa bugaluu ya poliesta, imebana mapajani na kufunika viatu. Poliesta tuliiona muujiza: unaifua usiku, asubuhi imekauka na mkunjo wake umesimama vilevile. Ila jasho halikuwa na pa kutokea, na haikuvumilia pasi ya moto. Ile ya baba yako niliiunguza mimi, tumeoana hata mwaka haujaisha. Ilinata kwenye pasi, ikaacha tundu ambalo hakuna akiba ya mshono ingeliziba. Nililia, naye akaikata ikawa kaptura na kuivaa miaka mingi.

Sponji za mabegani za miaka ya 1980 sikuzipenda kamwe, nilizifumua zote.

Blauzi yako imeshonwa vizuri, kwapani wamepitisha mshono mara mbili. Upindo ni mwembamba, lakini mimi sikui tena. Vifungo nimeviongezea uzi. Gauni la buluu bado ninalo sandukuni. Ukija nitakutolea, ulishike kwa ndani.

Mama yako