Doa la zambarau kwenye TV ya chogo: anza na sabufa, fundi baadaye

Nyumbani Nkuhungu, hapa Dodoma, bado tuna TV ya chogo. Analojia ilipozimwa mwanzoni mwa 2013 tukaifungia king'amuzi, ikaendelea kupiga kazi. Siku moja Mama akanipigia: "Mwanangu, TV imeungua kioo." Kwenye mechi, nyasi za upande wa kushoto zilikuwa zambarau tupu. Fundi alishapita, akasema kioo kimekufa, na bei ya kingine ilizidi ya TV yenyewe.

Nilipofika, macho yangu yalitua kwenye sabufa mpya ya mdogo wangu. Imebanwa ubavuni mwa TV.

Ndani ya chogo kuna miali mitatu ya elektroni: wa nyekundu, wa kijani na wa bluu. Hupenya bati jembamba lenye vitundu vidogo mno, kila mmoja ukaangukie punje za rangi yake. Sumaku ya spika huipindisha njiani, ikaangukia punje za jirani. Ubaya ni kwamba bati nalo hushika sumaku, kwa hiyo ukiondoa spika doa linaweza kubaki.

Na kweli lilibaki, ingawa lilififia nilipoisogeza sabufa mita moja na nusu. Nikazima TV kwenye swichi yake, siyo kwa rimoti. Ule mlio wa "dum" unaousikia ukiwasha TV iliyopoa ni koili, yaani waya uliosokotwa kuzunguka kioo, inafuta sumaku kwa sekunde chache. Rimoti huilaza TV tu, na nyingi zikiamshwa hivyo koili haifanyi kitu. Wala usiwashe na kuzima mara kumi mfululizo, kama alivyofanya mdogo wangu. Kifaa kinachoiruhusu koili hupata moto, na kisipopoa hakiruhusu tena. Kipe nusu saa. Nilirudia mara tatu, chai katikati, jioni nyasi zikawa kijani.

Likigoma kabisa, tafuta fundi mwenye koili ya mkono. Ikishindikana na hiyo, hasa kama TV iliwahi kuanguka, huenda bati limepinda, na hapo hakuna ujanja. Ila chogo usilifungue mwenyewe: mle kuna volti zaidi ya 20,000, na nyingine hubaki hata ukichomoa waya.

Picha inayotikisika ni kesi nyingine. Nilipokuwa na chumba cha kuchapa karibu na soko la Majengo, monita yangu, nayo ya chogo, iliyumba kama maji ndani ya beseni. Nilibadilisha waya bure. Kumbe jirani aliweka stabilaiza kubwa nyuma ya ukuta, na tofali halizuii sumaku. Umeme wetu ni hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na monita nilikuwa nimeiweka ichore picha mara 60 kwa sekunde. Ile tofauti ya 10 ndiyo iliyokuwa ikitikisika mbele yangu. Nikaipandisha hadi 75, macho yakapata nafuu kidogo. Dawa ilikuwa kuhamishia meza ukuta wa pili.

Sabufa sasa iko karibu na mlango. Mdogo wangu ananidai waya mrefu hadi leo.