Usiusubirishe Ubeti

Kwa miaka mitatu sikuandika hata ubeti mmoja. Nilikuwa nimepata kazi ya ukarani katika ghala la nafaka, mtoto wetu wa kwanza amezaliwa, nikajiambia mashairi ni mambo ya ujana. Nilidhani nikiyaacha yatanyamaza. Hayakunyamaza. Mkono ukihesabu magunia, moyo unahesabu mizani, yaani silabi za mshororo: nane ukwapi, nusu ya kwanza, na nane utao, nusu ya pili. Mpiga debe akiita abiria kituoni, sikio linadaka kina, silabi za mwisho zinazofanana. Na kwa kuwa sikuyapa pa kutokea, yalinigeukia. Nikawa mtu wa kufoka kwa jambo dogo, chakula hakinipendezi, usingizi wa mang'amung'amu.

Mke wangu ndiye aliyeng'amua. Usiku mmoja aliweka daftari la shule na kalamu mezani. "Baba Zuhura, andika," akasema. "Nyumba imechoka."

Nimewasikia vijana wengi wakiniuliza watajuaje kama walicho nacho ni wito au ni tamaa ya kusifiwa. Mimi huwarudisha kwa mshairi Abdilatif Abdalla. Mwaka 1969 serikali ya Kenya ilimfunga kwa sababu ya kijikaratasi alichokiandika, kilichouliza nchi inaelekea wapi. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Alikaa gerezani miaka mitatu, na humo akatunga mashairi, akayaandika kwenye karatasi za chooni. Msomaji hakuwapo, malipo hayakuwapo, na karatasi zikikamatwa ni adhabu juu ya adhabu. Bado alipanga vina, akatimiza mizani, kama mtu anayetunga kwa ajili ya baraza lililojaa watu. Mashairi hayo yalitoka kitabuni mwaka 1973, na mpaka leo yanasomwa. Basi jiulize: kama hakuna atakayeona, je, ungefanya? Ukijibu ndiyo bila kusita, usijidanganye kwamba utaweza kuacha.

Vifaa navyo visiwe kisingizio. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, hajaingia shule yoyote ya sanaa, akitumia hadibodi na rangi ya kupaka baiskeli. Alifariki mwaka 1972. Miaka yake ya kuchora ilikuwa michache mno, na jina lake limekuwa jina la mtindo mzima.

Kuhusu kazi ya mshahara, mimi sishauri uiache. Najua wapo wanaosema msanii wa kweli hujitosa. Lakini Shaaban Robert alianza ukarani serikalini mwaka 1926 na akaendelea kuajiriwa kwa miaka mingi huku akitunga. Njaa ya watoto haimpi mtu utulivu wa kutafuta neno. Nilijaribu kuacha kazi kwa miezi minne, na katika miezi hiyo niliandika barua nyingi za kukopa kuliko beti.

Kilichonisaidia ni saa moja isiyoguswa. Naamka saa kumi alfajiri, kabla ya adhana, nawasha taa ya jikoni na kukaa mpaka saa kumi na moja. Siku nyingine napata mishororo minne, siku nyingine nakata niliyoandika jana na kubaki mikono mitupu. Hata hiyo naihesabu kuwa kazi. Ubaya wa wengi wetu ni kungoja ule moto wa kwanza urudi ndipo tukae chini. Moto huo kwangu huja nikiwa tayari nimekaa.

Mshororo ukikujia mahali pabaya, kwenye daladala au katikati ya msiba, usiukimbize wote. Shika maneno mawili matatu tu, yaandike popote, urudi kwa watu. Nilikosea sana hapo. Nilimwacha mama yangu mgonjwa akizungumza peke yake kwa sababu kichwani nilikuwa natafuta kina cha kati. Shairi lenyewe nimelisahau. Maneno aliyokuwa akiniambia siku ile sikuyasikia, na hakuna tena wa kumwuliza.

Sasa Zuhura ana miaka tisa. Wiki iliyopita nilimkuta jikoni saa kumi na nusu, amekaa kwenye kiti changu, anachora mbuzi nyuma ya karatasi ya mtihani. Sikumwuliza kwa nini hajalala. Nilivuta kigoda, nikakaa upande wa pili wa meza.