Mtupo ambao haukutupwa

Mhariri, wiki hii mmeuliza: katika mashindano ya kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani ya mwaka 2025, mchezaji gani alistahili sifa kuliko wote, na mchezo upi tuutazame tena? Wengi watamtaja Cooper Flagg wa Duke, na siwalaumu. Alikuwa mwaka wa kwanza tu chuoni, na mwezi Juni akachaguliwa wa kwanza kabisa timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya, akaenda Dallas Mavericks. Mimi namtaja Walter Clayton Jr. wa Florida, na sababu yangu kubwa si kikapu chochote alichofunga. Ni mtupo wa mpinzani ambao kwa sababu yake haukutupwa kabisa.

Nianze hata hivyo na ufungaji, maana bila huo Florida isingefika San Antonio, kulikochezwa nusu fainali na fainali. Raundi ya pili walikutana na UConn, bingwa wa 2023 na 2024, wakaponea chupuchupu 77–75. Clayton alifunga 23, zikiwemo za pointi tatu mwishoni zilizogeuza mchezo. Robo fainali, Texas Tech waliongoza kwa pointi 9 zikiwa zimebaki kama dakika 3. Florida walishinda 84–79, Clayton akiwa na 30. Nusu fainali dhidi ya Auburn akafunga 34, mchezo ukaisha 79–73. Tangu nguli Larry Bird mwaka 1979 hakuna aliyefikisha pointi 30 katika hatua hizo mbili mfululizo. Ugumu wa kumkaba uko miguuni: hahitaji kutulia kwanza. Anadunda mara ya mwisho kwa nguvu, miguu yote miwili inagusa sakafu pamoja, na mlinzi anapoinua mkono mpira umeshaondoka.

Fainali ya tarehe 7 Aprili ilikuwa habari nyingine. Houston ya kocha Kelvin Sampson haikabi kama timu nyingine. Mwenye mpira anapowekewa skrini, yaani mwenzake anaposimama kumzibia njia mlinzi, timu nyingi humwacha mtu wao mrefu abaki chini karibu na kikapu. Houston mtu mrefu anaruka nje papo hapo, anaungana na mwenzake, na wawili wanamzingira mwenye mpira mpaka anageuza mgongo. Nyuma wamebaki watatu dhidi ya wanne, kwa hiyo hao watatu lazima waanze kukimbia kabla pasi haijatoka. Wakichelewa kidogo tu, mweka skrini anapokea mpira kwenye mstari wa mitupo huru na mbele yake kuko wazi. Houston hawakuwa wakichelewa. Clayton alimaliza kipindi cha kwanza bila pointi hata moja.

Kosa la wafungaji wengi wakizingirwa hivyo ni kung'ang'ania mpira wakitafuta upenyo wao wenyewe. Pasi inachelewa, inapaa juu ya mikono, inaelea, inanaswa. Clayton aliachia mapema. Alimaliza na asisti 7, yaani pasi zilizozaa vikapu, na aliyeongoza kwa kufunga upande wa Florida akawa Will Richard, pointi 18. Pointi 11 za Clayton zote zilikuja kipindi cha pili, baada ya Houston kufika 42–30. Kwa mfungaji aliyetoka kutia 34 siku mbili kabla, kukubali kuwa mpitishaji ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana kwenye televisheni.

Sasa mwisho wenyewe. Zikiwa zimebaki sekunde 46, Alijah Martin alitia mitupo huru miwili, Florida 64–63. Shambulizi lililofuata la Houston, Emanuel Sharp aliingia na mpira, Richard akauchokonoa, ukamgonga Sharp na kutoka nje. Denzel Aberdeen wa Florida akapata mtupo huru mmoja kati ya miwili. 65–63, zimebaki sekunde 19 na kidogo. Houston wanahitaji mbili kusawazisha au tatu kutwaa taji.

Mpira ulimfikia Sharp nje ya mstari wa pointi tatu. Akaruka kutupa. Clayton alikuwa mbali kidogo, akaja mbio na kuruka mkono ukiwa juu, usoni mwa Sharp. Hapa ndipo kanuni inapobana. Mtu aliyeruka na mpira hawezi kutua nao, atakuwa ametembea na mpira, na hilo ni kosa. Akiudondosha, si ruhusa yeye awe wa kwanza kuugusa tena. Kilichobaki ni kutupa juu ya mkono ule, au kumpa mwenzake, na mwenzake karibu hakuwepo. Sharp akauachia mpira, ukadunda mbele yake huku akiutazama tu. Alex Condon wa Florida akajitupa sakafuni kuudaka. Houston wakamaliza bila kutupa.

Kwa wanaocheza, angalieni jinsi Clayton alivyofika. Anayekimbilia mtupaji huwa na makosa mawili. La kwanza ni kupita kama upepo, halafu mtupaji anadanganya kutupa mara moja, anaweka mpira chini na kwenda zake. La pili ni kuingiza mguu pale mtupaji atakapotua. Hiyo ni faulo, na kwa mtupo wa pointi tatu ni mitupo huru mitatu. Njia salama ni hatua ndefu mwanzoni, fupi ukikaribia, mkono ulio upande wa mpira uende juu, mwili usimguse. Sharp alikuwa na nafasi ya kudanganya kabla ya kuruka. Akisharuka, uamuzi umeshatoka mikononi mwake. Florida waliongoza fainali ile kwa sekunde 64 tu kwa jumla, na taji likawa lao kwa mara ya kwanza tangu 2007.

Lakini mchezo wa kutazama tena kwangu si fainali. Ni nusu fainali ya tarehe 5 Aprili, Houston 70, Duke 67. Mwaka ule timu zote nne zilizopangwa namba moja, kila moja katika kanda yake, zilifika hatua hiyo, jambo ambalo mara ya mwisho lilitokea 2008, na Duke ndio walioonekana watabeba. Zikiwa zimebaki kama dakika 8 waliongoza kwa pointi 14. Chini ya dakika moja bado walikuwa mbele kwa 6.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya ziada ya kuutazama: Khaman Maluach, senta wa Duke mwenye mita 2.18, Msudani Kusini aliyekulia Uganda, akachezea City Oilers ya Kampala katika BAL, ligi ya kikapu ya Afrika, mwaka 2024 kabla ya Olimpiki ya Paris. Siku ile hakupata ribaundi hata moja, yaani hakudaka mpira wowote uliokosa kikapu. Wengine walimwita mvivu, na nadhani wamekosea. Duke walikuwa wakibadilishana watu kila skrini, kwa hiyo Maluach mara nyingi alijikuta mbali na kikapu akimkaba mtu mfupi, huku J'Wan Roberts na Joseph Tugler wa Houston wakiwa chini na walinzi wadogo. Ukibadilishana hivyo, aliyebaki chini lazima ampe mgongo mpinzani wake mara tu mpira unapotupwa, amsukume kwa makalio mbali na kikapu, na ndipo atafute mpira. Duke walitazama mpira kwanza.

Sekunde 35 za mwisho ni mfululizo wa adhabu ya kosa hilo. Sharp anatia mtupo wa pointi tatu. Duke wanarusha mpira ndani, Mylik Wilson anaunasa, anatupa na kukosa. Tugler anapaa na kuudanki, 67–66. Tyrese Proctor wa Duke anakwenda kwenye mtupo ambao ukikosa wa kwanza hupewi wa pili, na anakosa. Kwenye kugombea ribaundi hiyo Flagg anaitwa faulo kwa kumpandia Roberts mgongoni. Roberts, ambaye mitupo huru si silaha yake, anatia yote miwili, 68–67. Flagg, mwenye pointi 27 usiku ule, anapata nafasi nzuri karibu na kikapu mbele ya Roberts, na mpira unakuwa mfupi. L.J. Cryer anamalizia kwa mitupo huru miwili.

Ukiupata mkanda, tazama dakika 8 hizo mara mbili. Mara ya kwanza fuata mpira kama kawaida. Mara ya pili usiutazame mpira kabisa; mfuate Tugler peke yake kila mtupo unapoondoka mkononi, uone anaanza kutembea kuelekea kikapu lini, na mlinzi wake wakati huo anatazama wapi.